Bastola ya Estill Gabbard

Burl Stamper, karani, aliisoma karatasi ya uamuzi wa jopo kimoyomoyo kabla ya kuisoma kwa sauti. Mwandiko ulikuwa mzuri tu. Alichelewa kwa sababu alijua kwamba akishafungua mdomo, mtu ataumizwa.

"Sisi wanajopo," alisoma, "tunamwona mshtakiwa, Estill Gabbard, hana hatia."

Hakukosea. Lonzo Rudd, mdogo wa mtu aliyeuawa na Estill, aliuruka uzio wa mbao unaowatenga watazamaji na mahakama, akakinyakua chombo cha shaba cha kutemea tumbaku, akampiga nacho Estill mdomoni. Damu na mate meusi ya tumbaku vikaruka hadi kwenye meza ya karani. Estill akaanguka chali. Lonzo akamkalia kifuani na kumpiga tena, safari hii sikioni, na angeendelea mpaka aufikie ubongo kama sherifu na wanaume wengine wasingemvuta kwa nywele.

Estill aliposimamishwa alitema meno yake kiganjani, akayatazama, akayatia mfukoni.

"Ngoja nirudishiwe bastola yangu, Lonzo," alisema. Maneno yalimtoka na mapovu mekundu. "Nitakuua mama yako akiwa anaona. Umsikie akipiga yowe ndipo ufe."

Hakuna aliyedhani anatania. Estill Gabbard alikuwa mtu wa kutimiza ahadi, nzuri na mbaya.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa mbwa. Doyle Rudd, kaka yake Lonzo, alimtilia sumu mbwa wa Estill wa kuwindia mbweha. Estill akamkuta Doyle mlangoni mwa duka akichonga kijiti, akampiga risasi ya tumbo na nyingine ya shingo. Mahakamani alisema aliona kisu, na kisu kilikuwepo kweli, cha kuchongea vijiti. Basi jopo likaketi. Nusu ya jopo walikuwa wafugaji wa mbwa wa kuwindia mbweha. Sisi watu wa milima hii ya Kentucky tuna mizani yetu, na sitaki kuitetea.

Burl alikuwa karani wa mahakama ya kaunti, na karani kwetu hateuliwi, anapigiwa kura. Tena kuna desturi ambayo mgeni angeicheka. Mtu akipoteza kiungo mgodini au vitani, anatafutiwa cheo cha kuchaguliwa, maana makaa ya mawe hayachimbwi kwa mkono mmoja. Wakati ule mtoza kodi alikuwa na jicho moja na msajili wa ardhi alitembelea mguu wa mti. Ukiingia kwenye jengo la mahakama ungedhani umekosea njia ukaingia hospitali.

Mkono wa kulia wa Burl ulibaki mgodini. Dari ya mwamba ilimshukia akiwa kijana, ikaubana mkono huo begani, na maji yakawa yanapanda. Wengine walikimbia. Estill Gabbard alibaki. Alijaribu nguzo, akajaribu mtaimbo, na maji yalipofika kidevuni mwa Burl alichukua shoka. Hakuukata kwa pigo moja, kama watu wanavyopenda kusimulia. Burl aliyahesabu mapigo mpaka alipozimia, na hakuwahi kumwambia mtu yalikuwa mangapi.

"Hiyo kazi nimekupa mimi," Estill alipenda kumwambia kila uchaguzi. "Mimi na shoka langu. Unidai kura wewe? Mimi ndiye wa kukudai mshahara."

Kazi alipewa kwa huruma, ila hakuikalia kwa huruma. Alifungua ofisi Jumamosi kwa ajili ya wachimbaji. Wasiojua kusoma aliwasomea, na hakumwambia mtu. Wajane wa waliokufa kwa vumbi la makaa aliwaandikia barua za mafao kwa mkono wa kushoto, herufi zikilala kama majani yaliyopigwa na upepo, na barua zile zilileta majibu. Kila muhula alishinda kwa kura nyingi kuliko muhula uliopita. Katika nyumba zote za bonde alikula, na katika kila nyumba palikuwa na mtu wa kumkatia nyama bila kuombwa. Kwa Gabbard aliyemkatia ni Estill mwenyewe, akiguna kwamba amezoea kumkatakata. Kwa Rudd alikuwa Shangazi Ova, mama yao Doyle na Lonzo, aliyemuuguza kidonda cha bega kwa majira mazima wakati mama yake Burl alikuwa kaburini. Kwa hiyo siku ile hapakuwa na upande wa ukumbi ambao Burl angeweza kuutazama bila aibu.

Vielelezo vyote vya kesi hukaa kwa karani, ndani ya chumba cha chuma, na kesi ikiisha mali hurudi kwa mwenyewe. Jaji Haskell alitia sahihi amri siku ileile: bastola irudishwe Jumatatu asubuhi. Burl alimfuata ofisini kwake.

"Mheshimiwa, mpe mwezi mmoja apoe."

"Kwa sheria gani?"

"Umemsikia alichosema."

"Nimesikia mtu aliyevunjwa meno akisema maneno ya mtu aliyevunjwa meno." Jaji alikuwa anavua joho. "Burl, wewe ni karani au mchungaji?"

"Karani, Mheshimiwa."

"Basi fanya ukarani. Na yule Lonzo umpangie siku aje ajibu kosa la kufanya fujo mbele yangu."

Burl akaenda mezani kwake akampangia Lonzo siku. Kwetu Jumatatu ndiyo siku ya mahakama, watu hushuka kutoka kila kijito, na kila shauri huandikwa Jumatatu. Mkono uliandika Jumatatu kwa mazoea, akapiga muhuri, akapeleka. Kichwa chake chote kilikuwa kwenye bastola.

Jumapili, watu wakiwa kanisani, alijifungia ndani ya jengo. Aliibana bastola kwenye jiriwa ya fundi wa jengo, kwa kuwa hakuwa na mkono wa pili wa kuishikia. Ilikuwa bastola ya zamani, yenye nyundo inayoonekana, na kwenye nyundo kijino cha chuma kinachoigonga risasi. Ukivuta kifyatulio, kijino kinapiga, risasi inalipuka. Burl alichukua tupa na kukisugua kile kijino. Alikisugua mpaka kikawa kifupi kiasi cha kutofika kwenye risasi. Kisha akafuta unga wa chuma kwa leso, akapaka masizi ya taa pale palipong'aa.

Alikuwa ameapa, kwa mkono wa kushoto juu ya Biblia, kuvitunza vielelezo vya mahakama kama alivyovipokea. Aliliwaza hilo, akaona afadhali kiapo kivunjike kuliko Shangazi Ova azike mtoto wa pili. Estill atamlenga Lonzo, bastola itakataa, watu watawaachanisha, kaunti nzima itacheka. Kicheko kinaua hasira. Ndivyo alivyojiambia, na kwa kweli alifurahi, alirudi nyumbani akiimba.

Jumatatu Estill alikuja amefungwa kitambaa kichwani, uso umevimba upande mmoja.

"Lete mtoto wangu," alisema.

Burl aliiweka bastola juu ya kaunta, na risasi zilizobaki kando yake. Estill akatia sahihi. Akazipachika risasi moja moja bila haraka.

"Estill, nenda nyumbani. Mkeo anakusubiri," Burl alisema. "Ukaoshe uso. Nitakuja kula kwenu Jumapili, uniudhi vizuri."

"Utakuja. Kuna paja la nguruwe." Estill alitabasamu kwa ule mdomo wenye mapengo. "Nitakukatia vipande vidogo. Siku hizi na mimi nahitaji vidogo."

Akatoka. Burl akamfuata mpaka mlangoni, na hapo ndipo alipomwona Lonzo Rudd chini ya ngazi.

Siku ya mahakama uwanja hugeuka soko. Watu hubadilishana nyumbu, mbwa, saa, na zaidi ya yote bunduki. Mwanamume akipita na bunduki begani Jumatatu anaulizwa bei tu. Lonzo alikuwa amekuja kwa sababu karatasi yenye muhuri wa Burl ilimwita. Alifika mapema, akasimama kwenye meza ya mchuuzi mmoja akiipima mkononi bunduki ya mitutu miwili, na mchuuzi, ili kumwonyesha jinsi inavyofunguka na kufungika, alikuwa ameitia risasi.

Burl aliyaona yote kwa mara moja. Alifungua mdomo apige kelele, Estill akamtangulia.

"Lonzo," Estill aliita kutoka juu. "Mama yako hakuja? Basi haidhuru."

Alimlenga akivuta. Tak. Akavuta tena. Tak. Watu walianza kuanguka kifudifudi, nyumbu mmoja akakata kamba. Lonzo aligeuka na bunduki ile mikononi, uso mweupe, akaachia mitutu yote miwili kwa pamoja.

Risasi zilimpata Estill chini ya mbavu na kumrudisha nyuma ngazi mbili. Yaliyokuwa ndani yalitoka nje. Aliketi, mgongo umeegemea nguzo, akajaribu kuyakusanya kwa mkono mmoja, na mkono wa pili bado uliivuta ile bastola. Tak. Burl alipiga magoti ndani ya damu, ya moto kuliko alivyotarajia, akabandika kiganja chake pale tumboni. Kiganja kimoja hakikutosha. Mtu mwenye mikono miwili pia asingeliziba tundu lile, lakini Burl hakuweza kulifikiria hivyo wakati ule wala baadaye.

Estill akamwinamishia kichwa, kama mtu anayemwambia rafiki habari ya ajabu.

"Burl," alisema. "Haikulia."

Akafa akiitazama bastola.

Lonzo alishtakiwa kwa kuua kwa kukusudia, na hukumu ya kuua kwa kukusudia ilikuwa kiti cha umeme. Alisema alijihami. Lakini mwendesha mashtaka alimleta fundi wa silaha wa serikali kutoka mji mkuu, na fundi akaieleza mahakama kwamba kijino cha ile nyundo kilikuwa kimesuguliwa kwa tupa. Yeye alilazimika kufunga nyundo nyingine ndipo akaweza kuijaribu. Hakuna aliyemuuliza kama baadaye aliirudisha ile ya zamani.

"Kwa hiyo bastola hii ilikuwa chuma tu?" mwendesha mashtaka aliuliza.

"Chuma tu, bwana. Kama kushika nyundo ya misumari."

"Na mwenye bastola hujua bastola yake." Mwendesha mashtaka akawageukia wanajopo. "Marehemu aliisugua mwenyewe. Alitaka kumtisha kijana, basi. Wengine wanasema alivuta, wengine wanasema hakuvuta. Na hata kama alivuta, alivuta akijua. Lonzo Rudd alimpasua tumbo mtu aliyekuwa na mikono mitupu."

Wanajopo walitikisa vichwa kukubali. Mmoja alimtazama Lonzo namna mtu anavyomtazama nguruwe wa Novemba, mwezi wa kuchinja.

Burl alikuwa ameketi mahali pake chini ya kiti cha jaji. Kila shahidi alipofika, yeye ndiye aliyesimama na kumwambia, "Inua mkono wako wa kulia." Mzaha wa kaunti nzima ulikuwa huo, kwamba mtu asiye nao ndiye anayewaamuru wenzake wauinue. Siku zile hakuna aliyecheka.

Mchana, mahakama ilipopumzika, Shangazi Ova alikuja ofisini kwake na chakula ndani ya kitambaa: maharage, mkate wa mahindi, kipande cha nyama ya nguruwe. Aliketi mbele yake, akatoa kisu na kuanza kumkatia.

"Burl, baba," alisema bila kuinua macho. "Wewe umekaa humu miaka. Umewasikia waongo wote wa bonde hili. Niambie, mtoto wangu wataniunguzia?"

"Sijui, Shangazi."

"Unajua. Unanificha." Kisu kiliendelea. "Doyle nilimkosha mwenyewe. Risasi ya shingo ilipotokea, kidole changu kilipita. Huyu nimeambiwa wanamnyoa nywele kwanza, ili umeme upite vizuri. Ni kweli wanamnyoa?"

Burl aliitazama nyama ikikatwa. Alijua kwamba akisema, atapoteza kazi, na hilo halikumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba siku akisema, yeye ndiye atakuwa amemuua Estill, mbele ya watu wote, na Vada, mke wa Estill, ataketi pale akisikia. Kabla ya hapo ilikuwa siri kati yake na tupa.

Shangazi Ova alimsogezea sahani.

"Kula," alisema. "Umekonda."

Mahakama iliporejea, wakili wa Lonzo alikuwa anasimama kusema hana shahidi mwingine. Burl alimwahi.

"Mheshimiwa, naomba kuapishwa."

Jaji Haskell alimtazama juu ya miwani. "Wewe ndiye unayeapisha."

"Wilma ataniapisha."

Wilma, msaidizi wake, alikuja na Biblia. Burl alikwishatoka nyuma ya meza na kuketi kwenye kiti cha mashahidi, mahali ambapo katika miaka yote hakuwahi kukaa.

"Inua mkono wako wa—" Wilma alianza, akakwama.

"Endelea tu, binti," Burl alisema, akainua wa kushoto.

Aliyasema yote. Jiriwa, tupa, leso, masizi. Alisema bastola ilipoingia mkononi mwake ilikuwa nzima, na jinsi alivyoirudisha juu ya kaunta Estill asingeweza kujua. Alisema Estill alivuta mara mbili kabla ya bunduki kulia, maana yeye alikuwa mlangoni na alisikia. Alivuta ili kuua. Kijana yule aliona kifo kinamjia, na kifo hicho kilikuwa cha kweli kwa kila aliyekuwepo pale, isipokuwa karani.

"Kwa nini ulifanya hivyo?" mwendesha mashtaka alifoka.

"Nilitaka asife mtu."

Kutoka benchi la Gabbard, Thurman, mdogo wake Estill, aliruka uzio ule ule alioruka Lonzo. Alimfikia Burl kabla ya sherifu, akamshindilia ngumi ya jicho, akamwangusha pamoja na kiti, akampiga mateke mpaka mbavu zikasikika zikivunjika. Burl hakujikinga. Mkono wake mmoja ulikuwa bado juu, utadhani kiapo hakijaisha. Vada Gabbard hakusimama. Aliketi wima, kofia yake nyeusi haikutikisika, akawatazama wakimvuta shemeji yake.

Jopo halikukaa sana. Karatasi ilisomwa na Wilma, kwa sababu Burl alikuwa kitandani amefungwa kifua. Hana hatia. Maneno yale yale, na safari hii kilio kilitoka upande wa pili wa ukumbi.

Burl aliandika barua ya kujiuzulu kabla hawajamwondoa. Aliomba amalizie mwezi, aweke ofisi sawa kwa atakayemfuata, na jaji, nadhani kwa aibu ya kumkatalia siku ile, alikubali, wala hakumfungulia mashtaka. Watu walipita dirishani pake bila kumsalimu. Waliosomewa barua kwa siri miaka yote walipita upande wa pili wa barabara.

Siku yake ya mwisho ilikuwa Jumatatu. Uwanja ulijaa nyumbu na kelele. Vada aliingia amevaa aproni, kikapu cha mayai mkononi, na amri ya jaji ikiwa ndani ya kikapu juu ya mayai. Kesi imekwisha, mali irudi kwa mwenyewe, na mwenyewe akifa inarudi kwa mjane.

"Nimefuata bastola ya mume wangu," alisema.

Burl alikwenda kwenye chumba cha chuma, akaitoa. Aliitazama nyundo yake. Masizi yalikuwa yamefutika, chuma kimepakwa mafuta na fundi wa serikali, na kwa macho yake yaliyobaki na uvimbe hakuweza kutambua kama ilikuwa nyundo ya zamani au ile mpya. Angeweza kuisogeza kwenye mwanga. Angeweza kuirudisha ndani na kusema kuna karatasi imepungua. Aliiweka juu ya kaunta.

"Tia sahihi hapa, Vada."

Akatia sahihi. Kisha akaingiza mkono mfukoni mwa aproni, akatoa risasi moja, akaipachika, akazungusha mpaka ikakaa mahali pake. Alijua alichokuwa anafanya. Ni Estill aliyemfundisha. Wilma alishika mdomo kwa mikono miwili.

"Umeitengeneza?" Vada aliuliza.

"Sijui," Burl alisema, na ilikuwa kweli.

Aliinua bastola mpaka mtutu ukamgusa Burl paji la uso. Ulikuwa wa baridi, unanuka mafuta. Burl aliuweka mkono wake wa kushoto juu ya kaunta, wazi, akautuliza. Nje mtu alikuwa anapunguza bei ya mbwa. Vada akavuta.

Tak.

Burl akakishika kiti asianguke. Mkojo ulimshuka mguuni, wa moto.

"Ndivyo alivyosikia," Vada alisema. "Nimetaka na wewe usikie."

Akaitoa ile risasi, akairudisha mfukoni. Bastola akailaza ndani ya kikapu, taratibu, ili mayai yasivunjike, akatoka kwenda uwanjani kuyauza.